Redio ya valvu ndani ya kibweta: kisa kimoja cha Tanga

Kisa hiki kilitokea Tanga mjini. Kilianza kusi ikivuma, kikaisha kaskazi imeshashika. Wahusika ni watatu: mzee mwenye redio, nitamwita Babu; fundi chipukizi aliyeijenga, nitamwita Kijana; na mimi niliyeombwa ushauri, ambaye kama utakavyoona nina fungu langu katika hasara. Majina, mtaa na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyaondoa. Saketi, vipimo na makosa nimeyaacha yalivyokuwa.

## Usuli

Babu ni baharia mstaafu. Stoo kwake kulikuwa na redio ya betri ya zamani, ganda limekwisha liwa na mchwa, lakini ndani yake valvu nne, vichupa vya kioo vilivyokuwa vikikuza mawimbi kabla ya transista, zilisalimika, "taa" kama anavyoziita yeye na wenzake wa rika lake. Alikuwa pia na kibweta cha mninga, urithi wa dada yake, kilichowahi kuwekewa dhahabu zama dhahabu ikiwapo. Kwa ndani kina urefu wa sentimeta 21, upana 14 na kina cha 8. Akavibeba vyote viwili mpaka kibandani kwa Kijana.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Taa nne hizi, na kibweta hiki. Nataka nikikifunua kiseme, nikikifunika kinyamaze. Waweza?"

"Naweza, Babu."

Kijana amesomea umeme na amekaa kazini miaka miwili. Simu na televisheni anazitengeneza huku akipiga soga. Valvu alikuwa hajawahi kuishika.

Hizo valvu zilikuwa DK91, DF91, DAF91 na DL92. Anayezitafuta kwa majina ya Kimarekani ataziona kama 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4. Kila moja ina unene wa kidole gumba na miguu saba myembamba, na uzi wake wa kuwaka unataka volti 1.4 tu, yaani jiwe moja la tochi. Tatu za kwanza zinakula miliampea 50 kila moja, ya nne inakula 100 nyuzi zake mbili zikiunganishwa sambamba. Ya kwanza inapokea mawimbi na kuyageuza yawe ya 455 kHz, ya pili inayakuza, ya tatu inachambua sauti kutoka kwenye mawimbi, ya nne inasukuma spika. Kwenye anodi, bati la ndani linalovuta umeme kutoka kwenye uzi, zinataka volti 67 hivi, ingawa kwa 60 bado zinaimba. Jina la "taa" linadanganya kidogo: uzi wake unawaka kwa wekundu hafifu mno, na mchana huuoni kabisa.

Valvu hizi ziliundwa kwa ajili ya redio za kubeba. Mwaka 1940 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa redio ndogo, BP-10, yenye valvu nne za ukoo huuhuu. Antena yake ilikuwa kitanzi cha waya kilichofichwa ndani ya kifuniko, na ukifunua kifuniko redio inawaka. Ombi la Babu, basi, lilikuwa limekwisha jibiwa kitambo kabla hajalitamka. Nilikuwa nayajua haya, na sikumwambia Kijana mpaka tulipokwisha kuharibu. Niliyahesabu kuwa historia, si ufundi.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

La kwanza lilikuwa saketi. Nilishauri aanze na valvu mbili tu, saketi ya kurudisha mawimbi nyuma kwenye valvu ileile ili yakue, kwa sababu ina vitu vichache na inamfundisha mtu tabia ya valvu. Kijana akajibu, na jibu lake lilikuwa na mantiki: "Taa nne tunazo, kaka, na koili za 455 zimetoka nzima ndani ya makopo yake. Kwa nini nimjengee mzee nusu redio?" Saketi ile ya valvu mbili pia inataka mkono mwepesi, ukizidisha kidogo inapiga miluzi na kuwasumbua majirani wenye redio. Tukaafikiana supaheti ya valvu nne, yaani redio inayogeuza kila stesheni iwe 455 kHz kabla ya kuikuza.

La pili, umeme. Redio za valvu zinazochomekwa ukutani bila transfoma ya kutenganisha huwa na chasisi, kiunzi cha chuma, yenye umeme hai, na umeme wetu ni volti 230. Kwenye kibweta cha mkononi, cha mzee anayeketi barazani miguu mitupu, jambo hilo halikujadiliwa mara mbili. Tena valvu hizi na betri ni chanda na pete. Mwaka 1949 Ever Ready ya Uingereza ilipotengeneza redio ya bei nafuu kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ile iliyobandikwa jina la sufuria kwa ajili ya ganda lake la alumini, ilikuwa ya valvu za betri vilevile.

Kwa nyuzi za valvu tukaweka jiwe moja kubwa la volti 1.5. Kwa anodi Kijana alitaka kile kibodi, yaani bodi ndogo ya saketi, cha kupandisha volti ambacho mafundi simu wanacho. Tulikijaribu. Volti zilipanda vizuri, lakini redio ikawa inakoroma kutoka mwanzo wa skeli mpaka mwisho, kwa sababu kibodi kile hukatakata umeme kwa kasi, na mabaki ya kukatakata huko huangukia palepale kwenye mawimbi ya kati. Tukakitupa. Tukachukua betri saba za volti 9 na kuzishikanisha vichwa, moja kwenye nyingine, tukapata 63; hizo kwa pamoja nitaziita betri kubwa.

La tatu nalieleza kwa kirefu maana ndilo lililotugharimu. DL92 inataka gridi yake, waya unaodhibiti umeme ndani ya valvu, iwe chini ya sifuri kwa volti 7 hivi. Michoro ya zamani inazipata volti hizo kwa ujanja rahisi: resista kwenye njia ya kurudi ya betri kubwa, kati ya hasi yake na chasisi. Umeme wote wa betri hiyo, miliampea 11 kwa kipimo chetu, ukipita kwenye oumu 680 unaacha volti 7 na nusu, nazo ndizo zinazopelekwa kwenye gridi. Ubaya wake ni kwamba volti hizo zinatoka kwenye zile 63. Sauti ilikuwa ndogo. Nikamwambia Kijana: "Iondoe hiyo resista, unganisha hasi moja kwa moja kwenye chasisi, na gridi uipe betri yake ndogo." Akafanya hivyo. Sauti ikaongezeka, nami nikajisifu.

La nne, transfoma ya spika. DL92 kwa volti 67 inataka kuona mzigo wa oumu 5,000, na spika tuliyonayo ni ya oumu 8. Ukigawa na kutafuta kipeuo cha pili unapata uwiano wa 25 kwa 1. Transfoma halisi za kazi hiyo hazipatikani Tanga, lakini transfoma ndogo za adapta mbovu zimejaa kila kibanda. Hapa wengi hukosea. Iliyoandikwa volti 9 inaonekana ndiyo, kwa kuwa 230 ukigawa kwa 9 unapata 25 na kitu. Lakini hizo 9 ni za wakati imebeba mzigo. Transfoma ndogo ikiwa haina mzigo hutoa zaidi sana, na uwiano wa kweli wa mizunguko ni ule wa bila mzigo. Kijana aliipima kwa mita: ya volti 9 ilitoa zaidi ya 12, na ya volti 6 ikatoa 9 kamili. Akaichukua ya volti 6. Sikumfundisha mimi hilo, alilibaini mwenyewe.

La tano, antena: ufito wa feraiti wenye koili yake tayari, kutoka kwenye redio mbovu ya transista. Na swichi: moja ya kawaida, inayokata jiwe la nyuzi peke yake. Hoja yetu ilikuwa kwamba nyuzi zikizimika valvu hazipitishi kitu, kwa hiyo betri kubwa haina haja ya kukatwa. Hesabu yake ni sahihi. Usalama wake nitaueleza.

## Kwenye plaiwudi

Kijana aliipanga redio yote juu ya kipande cha plaiwudi, sentimeta 40 kwa 30, kila valvu na nafasi yake. Jioni ya nne ikasema. Kijana akampigia Babu simu pale pale, Babu akaja na bakora yake, akasikiliza Kiarabu kwa muda, kisha Kihindi, akafurahi. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mbona hakuna Kiswahili.

## Kuhamia kibwetani, na jioni ya cheche

Kibweta kina lita mbili na ushei za nafasi. Spika ya inchi 3 ilifungwa ukutani mbele. Betri saba pamoja na ile ya gridi zikapangwa sakafuni, spika juu yake, na mbao mbili za kuzibana zisicheze. Valvu zikalazwa ubavuni nyuma. Ufito wa feraiti ukapata upenyo uliobaki, kando ya sumaku ya spika. Nilipita asubuhi, nikatazama, nikasema pamebanana lakini patatosha. Sikuuliza betri zinatolewaje.

Zilikuwa zinatolewa kwa kufungua spika kwanza, skrubu nne na mbao mbili.

Jioni hiyo waya mmoja wa spika ulilegea. Kijana akazima swichi, akatoa DL92 kwenye soketi yake ili mkono upite, akaingiza pasi ya kulehemu. Betri hakuzitoa, maana kuzitoa kungemla nusu saa, na swichi si ameizima? Ubavu wa pasi ukagusa waya wa volti 63 uliopita pembeni ya bamba la kuunganishia, ganda la plastiki likayeyuka, shaba ikalala juu ya waya wa nyuzi za valvu, upande wa ndani wa swichi.

Anasema ilimulika mara moja, kama mtu amepiga picha. Betri mpya za alkali saba zinaweza kutoa ampea kadhaa kwa nukta moja, na nyuzi zile tatu kwa pamoja zimezoea ampea 0.15. Aliponiita nilipima mguu wa 1 na wa 7 kwenye kila valvu: DK91 imekatika, DF91 imekatika, DAF91 imekatika. DL92 ilikuwa mezani, ikapona.

(Kwa anayepima valvu hizi: tumia mita ya kidijitali. Mita za mshale kwenye kipimo cha chini kabisa cha oumu zinaweza kutoa umeme wa kutosha kuukata uzi unaoupima.)

Kumwambia Babu ikawa kazi yangu, kwa umri. Alinyamaza, akauliza: "Yaani taa zimekufa zote tatu kwa mpigo mmoja?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba kosa ni letu. Akasema, "Basi agizeni nyingine, fundi. Mimi nasubiri, sina safari." Nusu ya gharama nilitoa mimi. Zilikuja kwa posta kutoka ng'ambo baada ya wiki kadhaa, zimefungwa kwenye karatasi za kasha za zama zake, hazijawahi kutumika.

## Kuanza upya, na miluzi

Wiki zile za kungoja ndizo zilizotufaa kuliko nyingine zote. Kijana alichukua boksi la viatu, akalikata mpaka likafanana na kibweta, akawa anapanga na kupangua vitu mfano wa vile halisi: vipande vya sabuni kwa betri, vizibo kwa valvu. Alipanga mara tano. Mpango wa mwisho uliweka betri upande wa kulia, zinatoka kwa kuvuta utepe mmoja bila kufungua skrubu.

Resista ya 680 ikarudishwa. Betri ya nane, ile niliyoipa gridi, ikahamia kwenye mstari wa kubwa, zikawa volti 72; ukitoa 7 zinabaki 65. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo, betri zilezile nane, na sauti ileile niliyoitafuta. Na resista ile ina faida ambayo michoro haiitaji: shoti kama ya jioni ile sasa haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 106, na nyuzi nne kwa pamoja zinahitaji 250 ili ziwake tu. Zingesalimika, ilimradi valvu zote zimo kwenye soketi. Ikibaki moja peke yake, 106 zote zinaipitia yeye. Swichi nayo ikabadilishwa, ikawekwa ya njia mbili inayokata jiwe na betri kubwa kwa pamoja.

Redio ikarudi kibwetani na valvu mpya, ikasema. Lakini ilipiga miluzi ambayo kwenye plaiwudi haikuwapo. Tulitenganisha miluzi ya aina tatu.

Ya kwanza ilikuwepo kila mahali kwenye skeli. Waya wa gridi wa DF91 na wa anodi yake vilipita sambamba kwa sentimeta tano, hivyo kilichokuzwa kilirudi kukuzwa tena. Kwenye plaiwudi nyaya hizo zilikuwa mbali kwa kiganja kizima. Kuufupisha mmoja na kuukatisha mwingine kwa pembe mraba kuliimaliza.

Ya pili ilikuwa mahali pamoja tu, karibu na 910 kHz. Hii ilinichukua usiku mzima kuielewa, na jibu lilikuwa kwenye hesabu: 910 ni 455 mara mbili. Valvu ya kuchambua sauti huzalisha pia marudufu ya 455, na ufito wa feraiti, uliokuwa umelala sentimeta mbili kutoka hapo, ulikuwa unayapokea kana kwamba ni stesheni. Tuliivisha DAF91 koti la bati la kopo la nyanya, lililolehemiwa kwenye chasisi. Kopo la soda halifai, alumini haishiki risasi. Mluzi ukapungua, haukuisha.

Ya tatu haikuwa mluzi hasa. Betri zilipochoka kidogo redio ilianza kudunda, du-du-du-du. "Hii redio," akauliza Babu, "au mashua inatoka Deep Sea?" Betri ikizeeka upinzani wake wa ndani unaongezeka, na valvu zote zinazokunywa kutoka mtungi huo mmoja zinaanza kusikilizana. Kapasita ya mikrofaradi 47 kwenye betri kubwa iliponya.

Bado redio ilikuwa kiziwi. Usikivu wake haukufika robo ya ule wa plaiwudi, na sababu ilikuwa ufito kukaa kando ya sumaku na bati. Hapo ndipo nilipomsimulia Kijana habari za kifuniko cha 1940. Alinitazama kwa muda. "Kaka, ulikuwa unalijua hili?"

Tulikwenda kwa fundi wa kusuka mota, akatupa waya wa shaba wa milimeta 0.4. Kijana akaukunja kufuata ukingo wa ndani wa kifuniko, mizunguko 26, kisha akawa anaondoa mmoja mmoja mpaka kitanzi kikaitikia 530 kHz kapasita ya kutafutia stesheni ikiwa imefungwa kabisa. Ilibaki mizunguko 22. Akaipaka nta ya nyuki ya Handeni, akafanya vivyo hivyo kwa koili zote, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula shaba tupu kwa msimu mmoja. Swichi akaiweka kwenye bawaba. Kifuniko kikifunuliwa, kitanzi kinasimama wima mbali na sumaku, na redio inawaka.

## Matokeo

Redio inafanya kazi. Inatoa sauti ya kutosha baraza moja, si zaidi. Nguvu yake haifiki robo ya wati. Jiwe kubwa la kawaida linakaa saa 20 hivi, betri za volti 9 zikiwa za alkali zinakaribia 40. Kwa redio ya leo hizo ni gharama, na Babu analijua hilo.

Kitanzi kimeleta faida tusiyoipanga. Kinasikia vizuri kwa upande wa makali yake na hakisikii kitu kikielekezewa uso, hivyo Babu amejua kukizungusha kibweta mpaka kelele za televisheni ya jirani zinapotea.

Mara moja aliirudisha akisema imekufa. Haikufa: ilikuwa inavuma bila stesheni hata moja. Jiwe lilikuwa limeshuka chini ya volti 1.1, na kwenye DK91 kitu cha kwanza kunyamaza ni osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ya kugeuzia stesheni. Valvu nyingine zinaendelea, ndiyo maana mvumo unabaki. Kwa sababu hiyohiyo betri za kuchaji za volti 1.2 hazikutufaa.

Lalamiko lake la kweli lilikuwa jingine. Mchana mawimbi ya kati ni matupu. Usiku zinaingia za Kiarabu na Kihindi kwa nguvu, Kiswahili kinakuja kwa mbali na kuzama. "Mmenijengea redio nzuri ya kuwasikiliza jamaa wa Maskati," alisema. Stesheni anazozitaka zote ziko FM, na valvu hizi hazifiki huko.

Kijana alitaja kujenga kirushio kidogo cha nyumbani. Nilimkataza, kurusha mawimbi bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa. Badala yake aliweka tundu dogo nyuma ya kibweta linaloingiza sauti ya simu kwenye DAF91, baada ya sehemu ya mawimbi. Sasa Babu anasikiliza kisomo asubuhi na taarabu za Black Star na Lucky Star jioni, kutoka kwenye simu ya mjukuu, kupitia valvu mbili za mwisho. Wapo mafundi waliosema hiyo si redio tena. Siwezi kuwapinga sana. Robo tatu ya jasho letu lilikwenda kwenye sehemu ambayo mwenyewe anaitumia usiku mmoja mmoja.

## Uchambuzi

Ukiuliza kilichounguza valvu, jibu la haraka ni mkono wa Kijana. Mimi sikubaliani. Kulehemu betri zikiwa zimefungwa ni kosa, lakini alisukumwa kulifanya na mpango uliozika betri chini ya spika. Mpango huo ulitokana na kibweta kuja kwanza na vitu kutafutiwa upenyo baadaye. Swichi ya njia moja ikamhakikishia kwamba amezima, hali volti 63 bado zipo. Na resista ya shilingi mia ambayo ingezuia yote nilikuwa nimeing'oa mimi, kwa ajili ya sauti ambayo betri ya nane ingeweza kuileta bila kung'oa chochote. Katika vitu vinne hivyo kimoja tu ni cha jioni ile. Vitatu vilikuwapo kabla yake, na mkubwa wa kazi, yaani mimi, aliviona akapita.

Resista inastahili neno zaidi. Niliiona kama kitu cha kazi moja, kutoa volti za gridi, nikatafuta njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo. Michoro ya zamani ilichorwa na watu waliohesabu senti. Kitu kikibaki humo mara nyingi kina kazi mbili. Sasa kabla sijaondoa kitu kwenye mchoro wa namna hiyo naandika kwenye karatasi: kikiondoka, na shoti ikatokea hapa, umeme unapita wapi?

Plaiwudi ilikuwa uamuzi mzuri. Ilithibitisha kwamba valvu, koili na transfoma ni nzima, hivyo miluzi ilipokuja tulijua pa kuitafuta: kwenye mpangilio, si kwenye vipuri. Kosa letu lilikuwa kuamini kwamba redio iliyosema juu ya plaiwudi ndiyo hiyohiyo itakayoingia sandukuni. Mahali waya unapopita ni sehemu ya saketi. Ukiuhamisha umebadilisha saketi, hata kama mchoro haujaguswa. Boksi la viatu lingekuja kati ya plaiwudi na kibweta tangu mwanzo, tungeokoa mwezi. Lilikuja kwa sababu tu tulikuwa hatuna valvu za kuchezea.

Kuhusu Kiswahili kisichosikika, hakuna fundi aliyekosea kitu, ila hakuna aliyeuliza. Babu alisema anataka kibweta kiseme. Sisi sote watatu tulishughulika na kusema, hakuna aliyeuliza kiseme nini. Usiku mmoja na redio yoyote ya dukani yenye mawimbi ya kati, barazani kwake, ungetupa jibu kabla ya kununua hata betri moja. Pengine angeendelea vilevile, maana alikuwa na taa zake na kibweta chake. Lakini tundu la simu lingekuwa kwenye mpango, na sasa linaonekana kama kiraka, kwa sababu ni kiraka.

Kuna sehemu moja ambayo bado haijatulia. Waya unaotoka kwenye kitanzi kwenda ndani unapita kwenye bawaba, na kila kifuniko kikifunuliwa unakunjwa. Umekwisha kukatika mara moja. Kijana ameubadilisha kwa waya wa hedifoni, ambao ni laini na una nyuzi nyingi, na safari hii ameacha sentimeta tatu za ziada zimekunjwa ndani ya kifuniko, kwa ajili ya mara ya pili.